Kifungo cha Kuume

Jumatatu, 13 Oktoba

Imefunguka! Dirisha limefunguka kwenye mashini ya mapokezi, bila kosa hata moja. Nilibaki nikilitazama kama mtu aliyeachiwa sufuria ya uji jikoni — nikigeuza macho tu, itamwagika.

Ni programu ya watoto wa kituo chetu, wale wenye ugonjwa wa damu, selimundu — SS, kama kila mtu anavyosema hapa Kamina. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, sindano ya penisilini ya kila mwezi. Na chini kabisa kisanduku chekundu: dawa isiyomfaa mtoto huyu. Chekundu ni wazo la Mama Clémentine, muuguzi wa mapokezi. Alisema kama si chekundu yeye hatakiona.

Papa Manassé, gestionnaire wetu, msimamizi wa kituo, alipita nyuma yangu akasimama.

— Sasa hii njo ile kazi ya miezi yote? Dirisha moja ya rangi ya majivu?

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kisha akasema ni vizuri, akaenda zake. Sijui lipi nilishike.

Nimeajiriwa kama karani, si kama mhandisi. Lakini siku ya mahojiano Papa Manassé alisoma kwenye karatasi zangu kwamba nilisoma informatique, mambo ya kompyuta, Lubumbashi, akauliza kama naweza kutengeneza programu moja itakayofanya kazi kila mahali: Windows ya mapokezi, Linux ya duka la dawa, Mac yake mwenyewe, na kompyuta ndogo ya posti ya afya ya Mulenda kwenye njia ya Kaniama. Nikasema ndiyo. Upesi sana! Mimi huahidi upesi, halafu naanza kuhesabu siku. Muda wangu wa majaribio unaisha Desemba.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo nimemfundisha Mama Clémentine. Miwani yake ina kioo kimoja tu, kingine kilivunjika alipokuwa anashuka kwenye moto — pikipiki. Herufi za skrini kwake ni sisimizi. Anasoma kwa kuinamisha kichwa upande mmoja kama kuku, na foleni ya akina mama haingoji.

Basi nilimfundisha kwa mkono. Hapa bonyeza, hapa andika, hapa funga. Ana mikono mizuri, haisahau.

Halafu akaniuliza kuhusu mapacha: na ba mapasa?

Nilikuwa nangoja swali hilo! Programu haiamini majina, kwa sababu hapa jina moja linaandikwa kwa namna nyingi — Kazadi, Kasadi, Kazady, mtoto mmoja. Kwa hiyo inatazama jina la mama na tarehe ya kuzaliwa. Vikilingana na vya fishi nyingine, kadi iliyoandikwa kabla, linatoka dirisha dogo: «Ni mtoto yule yule?» na vifungo viwili, Ndiyo na Hapana. Ukisema Ndiyo, fishi mbili zinakuwa moja, na kilichoandikwa mwisho ndicho kinachobaki. Ukisema Hapana, watoto wanabaki wawili. Nimekulia mtaa wa watu wa reli, Waluba wa hapa na wa Kasai pamoja, na karibu kila ua una Mbuyi na Kabanga, pasa wa kwanza na wa pili. Ningewasahau vipi mapasa?

Nikamwambia: ukiona swali hili, na ni mapasa, bonyeza kifungo cha kuume. Mapasa, kuume.

Akarudia. Akarudia tena. Na kwa sababu mapasa hawatajwi kikavu kikavu, lazima waimbiwe, akatia sauti. «Mapasa — kuume! Mapasa — kuume!» Akina mama wa benchi wakadakia na kupiga makofi. Mmoja akasimama akacheza na mtoto mgongoni. Papa Manassé akatoa kichwa mlangoni kuuliza kama kuna aliyeoa.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Baba akaniuliza nina nini leo, mama? — huniita mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake, Mwadi. Nikamwambia kazi imekubali. Akasema, haya, basi kula. Sikula sana. Bado nilikuwa naimba.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mac ya Papa Manassé. Nusu ya siku ilipita kwa kujenga. Watu hawajui: programu moja haimaanishi faili moja. Maandishi yangu ni yale yale, lakini kwa kila mfumo lazima nikae juu ya mashini yake mwenyewe niifungashe hapo hapo. Ya Windows haifungashwi kwenye Mac, wala ya Mac kwenye Linux.

Ikafunguka. Nzuri kuliko kwenye Windows hata! Kona za mviringo. Papa Manassé akajaribu kila kitu, akaandika watoto wa uongo — akawapa majina ya mashemeji zake — hata swali la mapasa likatoka. Akashangaa.

— Mwadi! Huku Hapana iko kushoto, Ndiyo iko kuume. Kule kwa Clémentine si niliona kinyume? Mashini yako imelewa?

Nikamweleza, hajalewa mtu. Maktaba ya vipande vya programu ninayojengea madirisha inafuata desturi ya kila mfumo: Windows inatanguliza Ndiyo, Mac inaiweka mwisho, kuume. Sipangi mimi, inajipanga yenyewe. Nikamwambia: ni adabu, Papa. Programu ni mgeni, inakula kama wenye nyumba wanavyokula.

— Eh, basomi! Munajua kusema.

Lakini alipendezwa, niliona. Nimependa sana jibu langu hilo. Naliandika hapa ili nilikumbuke.

Jumanne, 21 Oktoba

Balaa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu kama fahali. Mashini ya mapokezi ililia mara moja, ikatoa harufu ya mpira. Imekufa. Diski nayo imekufa. Kila kitu alichoandika Mama Clémentine kimekwenda.

Nakala ya akiba? Nilipanga kuanza Jumatatu ijayo. Jumatatu ijayo!

Papa Manassé hakunigombeza. Alikaa tu akitazama moshi. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Tumehamisha Linux ya duka la dawa kuja mapokezi. Ni mashini ya msaada, nzee lakini ya nguvu, haiogopi virusi. Nikafungasha programu. Nikabonyeza. Kimya! Haikufunguka, wala haikusema kwa nini. 

Ilikuwa herufi moja. Mahali fulani niliandika «Fiches», pengine «fiches». Windows haijali kubwa wala ndogo, Linux inajali kama mwalimu wa darasa la kwanza. Nikarekebisha. Halafu klavié: unabonyeza A inatoka Q. Nikarekebisha. Halafu herufi za skrini, ndogo kuliko zile za zamani, Mama Clémentine akasema sasa si sisimizi tena, ni mayai ya sisimizi. Hilo sikuweza kulirekebisha sana, dirisha linapasuka pembeni.

Mwishowe — imefunguka! Nikajaribu kufungua, kuandika, kuhifadhi, kuchapa. Vyote sawa. Programu ile ile, mashini nyingine. Moja kwa zote, kama nilivyoahidi.

Mama Clémentine akakaa, akaweka mikono, akatikisa kichwa.

— Ah, njo ile ile. Rangi tu njo imebadilika.

Nimelala usingizi leo mchana, nikiwa nimekaa. Mara ya kwanza kwa muda mrefu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Tunaandika upya kila kitu kutoka kwenye fishi za karatasi. Papa Manassé ameamua kuwa tukianza upya tuanze vizuri: ameagiza fishi za Mulenda pia ziletwe hapa. Fils, motard wetu, dereva wa pikipiki, amezileta zimefungwa kwenye mfuko wa mbolea, na kompyuta ndogo ya posti juu yake. Nayo ni Linux, dada wa hii ya mapokezi. Posti imebaki na kuta na sindano.

Niliuliza kama ni vema posti ikae bila fishi. Papa Manassé akasema Chadrack, muuguzi wa kule, ndiyo kwanza amehamia, hawajui watoto wala karatasi zao, bora aanze na mashini. Nikazipokea fishi. Ni programu yangu, ningesemaje isiaminiwe?

Mama Clémentine anaandika, mimi napokea watu. Nilimsikia kutoka dirishani, anaimba polepole huku vidole vikienda: mapasa — kuume.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua. Hakuna umeme mpaka saa tisa. Hakuna cha kuandika. Hofu ipo, lakini haina jina leo.

Jumatatu, 3 Novemba

Tumemaliza. Nimetia kila kitu kwenye kompyuta ndogo ya Mulenda, nikaongeza na flash moja ya akiba — nimejifunza! — na Fils ameondoka navyo asubuhi, vimefungwa kwa plastiki mara tatu tatu. Sindano za mwezi kule ni kazi tano, Ijumaa.

Jambo moja. Papa Manassé alitazama jumla ya watoto, akakunja uso. Ni wachache kuliko ripoti zake zote.

— Wengine bameenda wapi?

Nikamwambia huenda fishi za karatasi zilikuwa na marudio, mtoto mmoja ameandikwa mara mbili kwa tahajia mbili. Programu inaondoa marudio, ndiyo kazi yake.

— Kumbe! Miaka yote tunahesabu batoto mara mbili! — akapiga paja. — Weye Mwadi, utaniaibisha kwa bafadhili, lakini ni muzuri. Ni ukweli.

Alinisifu mbele ya wote. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji peke yangu. Kwa nini sifa nazo zinanitisha?

Alhamisi, 6 Novemba

Mungu wangu.

Niandike kwa mpangilio. 

Asubuhi alikuja mama mmoja na mapasa wapya, wasichana, bado hawana meno. Mama Clémentine akawaimbia kidogo, akaanza kuandika. Mimi nilisimama nyuma yake nikingoja karatasi ya kuchapa. Akamwandika wa kwanza. Akamwandika wa pili. Swali likatoka. Kidole chake kikaenda kuume bila jicho kutazama, kama mtu anayezima taa ya chumba chake. Dirisha likafunga.

Na kwenye orodha akabaki mtoto mmoja.

Nikasema, Mama, subiri. Mwingine yuko wapi?

— Mwengine njo huyu hapa! — akamnyooshea kidole mtoto aliye mapajani mwa mama yake.

Kwenye mashini, Mama.

— Kwenye mashini minyi nilibonyeza kuume. Kama ulinifundisha.

Nikamwomba aandike tena. Swali likatoka tena. Nikainama mpaka pua ikakaribia kioo. Kushoto: Hapana. Kuume: Ndiyo.

Linux hii inapanga kama Mac. Desturi ya wenye nyumba. Niliiona kwenye Mac kwa macho yangu! Niliieleza! Nilitoa na mfano! Na kwenye Linux nilijaribu kufungua, kuandika, kuhifadhi, kuchapa. Swali la mapasa sikulijaribu.

Katika kila mapasa walioandikwa kwenye mashini hii, mmoja amemezwa na mwenzake. Watoto wachache kuliko ripoti. Marudio! Niliita marudio!

Mama Clémentine aliponisikiliza mpaka mwisho alivua miwani yake, akaishika. Hakusema ni kosa la nani. Aliuliza kitu kimoja tu:

— Na bale ba Mulenda?

Sikumwelewa. Akaenda mwenyewe kwenye mfuko wa mbolea, akapekua fishi za karatasi akizisogeza karibu na kioo chake kimoja, mpaka akaipata. Mbuyi na Kabanga, mvulana na msichana, wa miaka mitano, wote SS. Anawakumbuka kwa sababu ya Kabanga. Mwaka jana Kabanga alipigwa penisilini, akavimba uso mpaka macho yakapotea, akaacha kuhema vizuri. Walimwokoa kwa bahati. Tangu siku ile anapewa vidonge vingine. Kwenye karatasi imeandikwa kwa bic nyekundu na kupigwa mistari.

Nikafungua mashini. Mbuyi yupo. Kisanduku chekundu: tupu. Kabanga hayupo. Aliandikwa kwanza, Mbuyi akaandikwa baada yake, na kilichoandikwa mwisho ndicho kinachobaki. Hiyo nayo ni sheria yangu.

Kesho Chadrack, asiyewajua, atafungua kompyuta ndogo. Mama fulani, tarehe fulani, hakuna dawa iliyokatazwa. Atawaona mapasa wawili mbele yake na fishi moja safi. Atafanya nini? Atawapiga wote sindano.

Alhamisi, 6 Novemba — alasiri

Nilidhani nitakaa kwanza nitafute maneno ya kumwambia Papa Manassé. Mama Clémentine alinishika mkono akanipeleka, fishi mkononi, bila kubisha mlango. Nikasema. Yote, tangu siku ya Mac.

Kwanza hakuamini. Kisha akafungua Mac yake, akaandika mashemeji zake tena, akalitazama lile swali.

— Ulisema ni adabu.

Nikamsukumia simu yake.

Akaanza kupiga simu. Mulenda hakuna reseau ya simu, labda upande kilima, na nani apande kilima kungoja simu asiyoijua? Simu ya Chadrack: haipatikani. Ya Fils: haipatikani. Fils yuko kule kule, atarudi na ripoti. Papa Manassé akatoka nje, akamkamata motard wa barabarani, akampa essence — petroli — na barua. Ilikuwa inaanza kunyesha. Motard alitazama mbingu, akatazama barua, akasema atafika atakapofika.

Nikauliza kuhusu mama wa watoto. Si atakuwepo? Si atasema?

Hapo Mama Clémentine akasema Mama Mapasa hayuko Mulenda. Yuko hapa, maternité, alijifungua juzi kwa kupasuliwa. Watoto wako na bibi yao.

Tulikwenda. Amelala upande, amechoka, mtoto mpya kifuani. Alimfurahia Mama Clémentine, akamwita yaya, dada mkubwa. Tulimuuliza kwa upole tu kama bibi anajua mambo ya Kabanga na sindano.

— Mama? Hapana. Ule muzee anaogopa mambo ya dokta, minyi njo najua. Nilimwambia kazi tano abapeleke bote bawili, basi. Yote iko mu fishi, si ni vile?

Akatutazama kwa zamu. Mimi nikatazama ukuta. Ni Mama Clémentine aliyemwambia. Alimwambia polepole, kwa Kiluba, na mkono juu ya bega lake. Yule mama hakulia. Aliuliza kama anaweza kuinuka. Akajaribu, akashika tumbo, akarudi chini.

— Weye njo ulitengeneza ile mashini?

Ndiyo, mimi.

— Basi enda. Unasimama hapa unafanya nini?

Nimerudi ofisini kwa sababu sina pa kwenda kwingine; mvua imekaza na hakuna motard mwingine anayekubali. Nimekwisha kulibadilisha swali. Vifungo havina tena Ndiyo wala Hapana. Kimoja kinasema «Ni watoto wawili, mapasa», kingine «Ni mtoto mmoja, ameandikwa mara mbili». Nimevipanga juu na chini, kimoja juu ya kingine, visiwe na kuume wala kushoto, na nimezuia kujibu kwa Enter. Kazi ya dakika chache. Chache tu! Mama Clémentine anaandika upya mapasa wote, kwa sauti, neno kwa neno, haimbi.

Lakini hiyo ni mashini ya hapa. Ile ya Mulenda iko Mulenda.

Ijumaa, 7 Novemba

Ni asubuhi. Niko stesheni, kwenye benchi, nje ya chumba cha phonie, redio ya reli. Naandika kwa sababu wamenikataza kutembeatembea.

Jana jioni Baba alinikuta nimekaa na viatu. Nilimwambia yote. Alifanya kazi relini mpaka walipompumzisha, na huwa nadhani hanisikilizi ninaposema mambo ya mashini. Alisikiliza. Akauliza: Mulenda, si reli inapita? Inapita, Baba. Basi kwenye stesheni ya Mulenda iko phonie, hata kama treni haipiti. Wanazungumza asubuhi, saa ya kutoa hali ya njia.

Sikuwa nimewaza reli. Nimekulia kando yake, na sikuiwaza!

Tumekuja kabla ya jua. Papa Manassé alikuwa tayari mlangoni, suruali imelowa matope, ametoka kumtafuta motard wa jana. Moto ilizama mtoni, mwenyewe yuko salama, barua imekwisha. Baba na Papa Manassé wakasalimiana kama watu msibani.

Wa phonie anaitwa Papa Nyembo, Baba alimfundisha kazi zamani. Alitupa benchi, akasema hali ya njia kwanza, kisha mambo ya watu. Tukangoja hali ya njia. Mataruma ya reli yaliyooza, mti ulioanguka, treni ya mizigo iliyosimama mahali inangoja mafuta. Nilitaka kupiga kelele. Baba aliweka mkono wake juu ya goti langu akauacha hapo.

Kisha Mulenda ikaja! Sauti ya mzee, ndani ya mvumo kama wa mahindi yanayokaangwa. Papa Nyembo akanipa chombo, akanionyesha pa kubana.

Nikasema: posti ya afya. Muuguzi Chadrack. Mtoto Kabanga asipigwe penisilini. Kabanga asipigwe.

Mvumo. Kisha ile sauti ikasema imesikia Mbuyi, Mbuyi asipigwe.

Hapana! Kabanga!

— Naskia, naskia. Minabajua bale batoto, ni ba mapasa, bamepita hapa sasa hivi na koko yao, banaenda posti. Bamevaa sawasawa. Mbuyi, Kabanga... Unisikilize, mama. Unayesema sasa, ni ule mutoto ulisema mbele, ao ni mwengine? Ni ule ule?

Nikabana chombo.  Nikasema: Hapana. Si yule yule. Ni wawili. Msichana njo Kabanga, msichana! Musichana asipigwe. Mvulana apigwe, musichana asipigwe.

Nikaachia. Mvumo, kisha kukatika, kisha hakuna.

Papa Nyembo anasema betri ya kule ni mbovu, huwa inarudi. Anasema yule mzee ana miguu mizuri, na posti iko nyuma tu ya stesheni, na pengine alikwisha kutoka mbio. Pengine. Sijui alisikia nusu ipi. Papa Manassé amesimama dirishani, anasema kitu kwa midomo tu, nadhani ni rozari. Jua limeshapanda. Chadrack ameshafungua kompyuta. Najua dirisha linavyotoka pale, rangi ya majivu, kisanduku chekundu kitupu.

Baba ananiambia, mama, acha kuandika.

Sanduku la phonie limeanza kukoroma tena. Papa Nyembo amesogeza sikio. Ameinua mkono wa kuume, tunyamaze —